Yai la Mama Régis na Mashine ya Saratani ya Gisenyi

Saa moja kasorobo asubuhi, wakati pikipiki za Gisenyi ndiyo kwanza zinaanza kupigiana honi kwenye barabara ya mpakani, Cansilde Mukandoli amebana pumzi.

Amebana pumzi kwa sababu akipumua ovyo, kazi inapeperuka. Mbele yake kuna mashine ya chuma yenye gurudumu ubavuni na wembe mkali katikati. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, donge dogo la nta linashuka juu ya wembe, linapanda, linashuka tena, na kila likishuka linaacha kipande chembamba. Vipande vinashikana kimoja baada ya kingine mpaka vinakuwa utepe. Mkono wa kushoto, wenye brashi ndogo ya kuchorea, unaupokea utepe na kuulaza taratibu juu ya maji ya uvuguvugu.

Ndani ya nta kuna nyama ya mtu. Leo ni ya titi la mwanamke wa miaka arobaini na minne ambaye bado hajajua ana nini.

Mgeni aliyeingia na kusalimia alijibiwa kwa kidole kimoja kilichoinuliwa juu. Ikabidi angoje, na alingoja dakika nne nzima, amesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Bon," anasema hatimaye, akiachia pumzi. "Sasa naweza kukusalimia. Mwaramutse. Karibu, kaa, lakini usikae kule kwenye dirisha, utaniletea upepo."

Cansilde ana miaka hamsini na miwili. Hapa maabara wote wanamwita Mama Régis, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kazi yake ni kukata. Kwa miaka thelathini na mmoja amekata nyama za wagonjwa, vipande vyenye unene wa mikroni nne. Ukitaka kuujua unene huo, ng'oa unywele wako mmoja kisha jaribu kuupasua mara kumi na saba.

"Mugonjwa anajua docteur, anajua muuguzi, anajua hata mutu wa kufagia," anasema na kucheka. "Mi hanijue. Lakini mi namujua vizuri sana. Mi namujua kutoka ndani."

Maabara yenyewe ni vyumba vinne nyuma ya jengo la kukodi, umbali wa kutembea kutoka ziwani. Nje kuna benchi la mbao, ndani kuna harufu ya nta na dawa. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa, kila donge la nta linaloingia hapa hukatwa mara mbili.

Kipande cha kwanza hutiwa rangi na kupelekwa kwa daktari wa hadubini, ambaye ana foleni ndefu. Jibu lake huchukua wiki tano, wakati mwingine saba, na imewahi kufika tisa. Kipande cha pili, jirani yake kabisa, hakitiwi rangi hata tone. Hicho kinakwenda chumba cha mwisho, ambako kijana mmoja mrefu, Sano, anakaa na mashine ya ukubwa wa friji ndogo iliyolazwa.

Sano ni mtaalamu wa fizikia. Amekulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka Mama Régis anamtania kwamba anaongea kama redio. Ukimuuliza mashine inafanya nini, anavuta kiti.

"Ukisogelea jiko la mkaa, unahisi joto hata kabla hujaona moto, sivyo? Lile joto nalo ni mwanga, ila macho yetu hayauoni. Unaitwa infraredi. Mashine inaumulika kwenye kipande cha nyama, na kila kilichomo kinakula fungu lake la mwanga. Protini inakula hapa, mafuta yanakula pale, sukari kule. Nyama yenye saratani inakula tofauti na nyama nzima. Sisi tunasoma kilicholiwa, kompyuta inachora picha."

Picha zenyewe ni nzuri kuliko ugonjwa unaochorwa. Kuna bluu, kijani, na pale penye ubaya nyekundu iliyokolea. Hakuna mgonjwa anayepewa jibu kutokana na picha hizo. Bado ni utafiti. Wanataka vipande mia nne, kisha walinganishe: mashine imesema nini, daktari wa hadubini amesema nini. Wakikubaliana vya kutosha, huenda siku moja foleni ile ikafupishwa.

Mashine si yao. Imeazimwa na chuo kimoja cha ng'ambo, na inaweza kurudishwa wakati wowote. Mkataba wa Mama Régis nao umefungwa kwenye mashine hiyohiyo: mwaka kwa mwaka, faranga laki tatu na elfu kumi kwa mwezi. Mashine ikiondoka, naye anaondoka. Wanawe wawili wa mwisho bado wako shuleni Nyundo.

Na mwaka huu, mwezi wa nne, mashine ilikaribia kabisa kuondoka. Kosa lilikuwa la Mama Régis. Analisimulia mwenyewe, bila kulipamba na bila kulipunguza.

Yote yalianza na vioo. Kioo cha kawaida cha hadubini ni rahisi na nyama hukishika vizuri. Lakini mashine ya infraredi inadai vioo maalumu vyenye utando unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Mzigo mpya wa vioo hivyo uliofika mwezi wa pili ulikuwa na utelezi. Mama Régis anakata kipande, anakilaza juu ya kioo, anakwenda kukisafisha nta kwenye dawa, halafu akitazama: kioo kitupu! Nyama inaelea kwenye dawa kama utando wa maziwa.

Vipande vitatu vilipotea kwa wiki moja. Kwa mtu aliyefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja, hiyo ni aibu ya kukufanya ukose hamu ya chakula.

Basi akafanya alichofundishwa. Alijifunza kazi Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alikokulia, akiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, chini ya sista mmoja mkali katika hospitali ya misheni. Sista hakuwa na gundi ya dukani. Alikuwa na kuku.

"Unakamata yai moja, ya kienyeji, ile ya bichi," anaeleza Mama Régis, na mikono yake inaigiza. "Ute tu, kiini unaweka kando. Unapiga na gliserini kidogo, unachuja na kitambaa safi. Unachukua tone moja, unapakaa kwenye kioo na hii kidole ya mwisho, mpaka unaona kama hakuna kitu. Nyama ikifika pale, haitoke tena. Hata uivute!"

Ute wa yai haumdhuru mtu wa hadubini. Rangi inashika nyama, daktari anaona anachotaka kuona, na mgonjwa anapata jibu lake sahihi. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kulalamika. Mama Régis hakuuandika popote, kama vile mpishi asivyotangaza kwamba ameweka chumvi. Aliupaka kwenye vile vioo vya kung'aa, vipande vikatulia, naye akalala usingizi wake.

Wa kukosa usingizi akawa Sano.

Mashine ilianza kuona nyama mahali pasipo na nyama. Pembeni ya kipande, kwenye kioo kitupu kabisa, mchoro ulikuwa unainua vilima viwili pacha, alama ya protini. Kioo chote kilionekana kama kimefunikwa na kitu hai. Nyekundu ikapauka, bluu ikachafuka, na kompyuta ikawa inasema saratani leo na kesho inakana. Sano alibadilisha dawa ya kukaushia unyevu. Alifuta vioo vya ndani vya mashine. Aliandikia wenye mashine, nao wakamjibu kwa adabu ya kizungu inayouma: kama hadi tarehe thelathini ya mwezi wa nne hakuna picha safi, mashine irudi kwao ikakaguliwe. Kila mtu pale maabara alijua kwamba ikienda kukaguliwa, hairudi.

Tarehe kumi na mbili, siku ya Jumamosi, Mama Régis alimpelekea Sano chai. Alimkuta ameshika kichwa mbele ya vile vilima viwili.

"Ni protini, hilo nina uhakika," Sano alimwambia, akijisemea zaidi kuliko kumweleza. "Inaweza kuwa chochote. Ngozi ya mtu, mate, maziwa, yai..."

Mama Régis aliweka kikombe mezani.

"Nikaona yote mara moja. Kama mutu amewasha taa. Nikasema moyoni, Yezu wangu, ni mimi."

Alimwambia Sano anywe chai isipoe, akatoka, akaenda kukaa nje kwenye benchi la wagonjwa.

Alinyamaza siku sita. Hapo ndipo simulizi lake linapokuwa gumu, na sauti yake inashuka. Alikwenda kazini, akakata, safari hii bila yai, na hakumwambia mtu kwa nini amebadilisha. Nyumbani mumewe, Onésphore, karani wa forodha asiyependa maneno mengi, alimuuliza mara mbili kama anaumwa. Alijibu ni mgongo.

"Nilihesabu miaka yangu," anasema. "Hamsini na mbili. Nani ataajiri mukecuru, bibi muzee kama mi, wa kukata nyama? Na nilisikia haya. Mi ndiye nafundishaka wengine: andika kila kitu, andika kila kitu. Mi sikuandika. Kila asubuhi nilikuwa najiambia, leo nitasema. Nikiona sura ya Sano, maneno inarudi kwenye tumbo."

Siku ya sita, Ijumaa, alimkuta Sano anafungua kisanduku cha mashine kwa mara nyingine, macho mekundu, akijilaumu kwamba huenda ndiye aliyeiharibu. Huyo Sano ana miaka ishirini na tisa. Mama Régis hakuvumilia tena. Alivua glavu, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara.

Mkuu ni Daktari Kabatesi, mwanamke mwembamba aliyekulia Mbarara, Uganda, anayevaa saa mbili, moja ya hapa na moja ya ng'ambo kwa wenye mashine. Mazungumzo yao, kama wote wawili wanavyoyakumbuka, yalikwenda hivi.

"Docteur, nimejua ile uchafu inatoka wapi. Ni yai."

"Yai gani?"

"Yai ya kuku. Nilipakaa kwenye vioo."

Daktari Kabatesi alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona mwenzake hacheki, akaketi.

"Seriously, Cansilde? Yai? Vioo vingapi?"

"Hamsini na saba."

"Na umejua lini?"

Hilo swali, anasema Mama Régis, ndilo alilokuwa analiogopa kuliko mengine yote. Angeweza kusema leo. Alisema, "Jumamosi iliyopita."

Sano aliitwa. Aliambiwa. Alitoka nje, akarudi.

"La kuku?" aliuliza.

"Ya kuku. Ya kienyeji," Mama Régis alijibu.

"Mama Régis, nimeisafisha ile mashine mara kumi na moja!"

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nakuona."

Mama Régis alikuwa analia, lakini Sano, anavyosema mwenyewe, alijikuta anataka kucheka na kupiga ukuta kwa wakati mmoja. Alikwenda kuchukua kioo kipya, akampa Mama Régis, akamwambia apake ute huo huo hapo hapo bila nyama yoyote. Dakika kumi baadaye vilima viwili vikasimama kwenye kompyuta, pacha, wazi kabisa. Mashine haikuwa mbovu. Haikuwa imewahi kuwa mbovu.

Daktari Kabatesi hakupiga kelele. Alisema kwa upole, jambo lililomtisha Mama Régis zaidi.

"Kosa la yai mimi nalielewa. Sisi hatukukuambia mashine inaona protini ya yai, na hilo ni letu. Siku sita ni zako. Nataka vipande vyote hamsini na saba, visafi, kabla ya tarehe thelathini. Halafu tutaongea habari ya mkataba."

Zilibaki siku kumi na mbili.

Bahati ya kazi hii ni kwamba nyama haiishi kwa mkato mmoja. Donge la nta hubaki kabatini, na ndani yake kuna nyama ya kutosha kukatwa tena. Mama Régis alianza kesho yake, Jumamosi. Badala ya yai, aliviegemeza vioo vikauke kutwa nzima, kisha akaviweka kwenye tanuri dogo la nyuzi sitini kwa saa nzima. Ni njia ya polepole, inayotaka moyo wa subira. Vipande vilishika. Kila jioni alimpelekea Sano sinia la vioo, na Sano, ambaye kwa siku mbili za kwanza alimjibu kwa ndiyo na hapana tu, siku ya tatu alimuuliza kama chai ipo.

Hadi tarehe ishirini na tatu vilikuwa vimekamilika hamsini na sita. Kimoja kikakataa.

Donge namba thelathini na moja lilikuwa tupu. Nyama yake ilichukuliwa kwa sindano, uzi mwembamba usiofika hata urefu wa kucha. Vipande vya kwanza vilikwenda kwa daktari wa hadubini, akaomba vingine kwa rangi nyingine, kisha vikaja vile vilivyoteleza na kupotea, kisha kile cha yai. Mama Régis alizungusha gurudumu na wembe ukatoa nta nyeupe. Akazungusha tena. Nyeupe.

Kilichofuata hakumwambia mtu mpaka siku ya mahojiano haya, na aliomba kiandikwe.

Kando ya thelathini na moja kulikuwa na thelathini na mbili. Titi pia. Mwanamke wa umri ule ule, ugonjwa ule ule, nyama tele. Alikata kipande kimoja cha ziada, akakilaza kwenye kioo kizuri, akachukua penseli.

"Niliandika 31," anasema. "Niliandika kabisa, na mukono yangu. Nani angejua? Sano hangejua. Hata mashine hangejua. Nikaiangalia ile 31 muda murefu. Nikajiuliza, siku sita za kwanza zilinila hivi, sasa hii itanila miaka ngapi? Nikaifuta."

Alikwenda kwenye faili kutafuta jina. Alilijua kabla ya kulisoma. Namba thelathini na moja ni Nyirabagenzi, mkulima wa viazi na vitunguu kutoka Busasamana, kule chini ya volkano, mama wa mabinti watatu. Mwezi wa kwanza Mama Régis mwenyewe ndiye aliyemsomea fomu ya utafiti kwa Kinyarwanda, mstari kwa mstari, na yule mama akasaini kwa herufi kubwa zilizopinda.

Katika fomu hiyo kuna mstari wa chini ambao hakuna aliyewahi kuutumia: kipande kikiharibika, mwenye nyama ataarifiwa. Mama Régis aliusoma mara mbili. Kesho yake aliomba ruhusa ya nusu siku, akapanda moto, pikipiki ya kukodi, akaelekea Busasamana akiwa na uhakika kwamba anakwenda kumaliza kazi yake kwa mdomo wake.

Alimkuta Nyirabagenzi nyuma ya nyumba, ameketi juu ya gunia, anachagua viazi vya mbegu. Ana miaka sitini na mmoja. Alikuwa amefunga kitenge begani, upande mmoja wa kifua umelala bapa. Mwezi wa tatu alikuwa amepasuliwa, titi likaondolewa lote. Kabla ya hapo alikuwa amesubiri jibu la hadubini wiki tisa.

Walisalimiana kwa Kinyarwanda, kwa mikono miwili, wakaulizana watoto. Lakini Mama Régis alipofika kwenye maneno yenyewe, Kinyarwanda kilimkwama. Alirudi kwenye Kiswahili cha utoto wake, na Nyirabagenzi, aliyeuza vitunguu ng'ambo ya mpaka miaka ishirini, akamfuata hukohuko.

"Mama, nimekuja kukuambia kitu mubaya nimefanya."

"Sema."

"Ile nyama yako kidogo balikutoa na sindano, ulitupatia ya mashine. Mi niliiharibu. Ikaisha yote. Jibu yako ya docteur ilikuwa ya kweli, hiyo usiogope. Lakini kwa mashine, haiko tena. Unisamehe."

Nyirabagenzi aligeuza kiazi kimoja, akakitazama macho yake ya kuchipulia, akakitupa upande wa vizuri.

"Ndiyo hiyo tu imekutoa Gisenyi?"

"Ndiyo hiyo."

"Ile titi balikata hospitali, yote nzima, balitupa?"

"Hapana, mama. Hawatupake. Banaitia kwenye nta, inakaa kwenye kabati miaka mingi."

"Donc, basi iko?"

"Iko."

"Na ni kubwa kuliko ile ya sindano."

"Kubwa sana, mama."

"Sasa unalia nini?" Nyirabagenzi alimshangaa kweli. "Si mukate kule!"

Mama Régis anasema alikaa chini, pale pale, kwenye gunia la viazi vya watu. Miaka thelathini na mmoja anakata, na wazo hilo halikumjia. Uoga ulikuwa umemziba macho. Alikuwa anafikiria namba, anafikiria donge moja, na huku mwenye nyama anafikiria nyama yake. Fomu mpya alikuwa nayo kwenye mkoba, si kwa matumaini yoyote, ni mazoea tu ya kubeba fomu. Aliisoma yote tangu juu mpaka chini, ingawa yule mama alimwambia hakuna haja. Alipofika mwisho Nyirabagenzi alishika kalamu, lakini kabla ya kusaini akasema jambo moja, akimwelekezea kidole chenye udongo.

"Mi nilingoja wiki tisa. Ile kitu ilikuwa inakula, mi nangoja. Niko na bana-banamuke batatu. Kama hii nyama itasaidia basingoje vile, kateni mpaka iishe."

Alisaini. Kisha akampakilia kilo tano za viazi, na Mama Régis akarudi Gisenyi juu ya moto, mfuko mapajani, machozi yakikaushwa na upepo.

Hospitali iliyofanya upasuaji ilitoa donge baada ya barua mbili na simu nyingi za Daktari Kabatesi. Tarehe ishirini na nane lilikuwa mezani. Mama Régis alilikata akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa. Aliandika kwenye kioo 31B, si 31 tupu, kwa sababu ni nyama nyingine na haifai kuvaa namba ya ile iliyokwisha, na kwenye daftari akaandika kila kitu: limetoka wapi, limekaushwa saa ngapi, halina yai. Tarehe ishirini na tisa picha ilitoka. Kioo kitupu kilikuwa kitupu. Vilima viwili vilikuwa pale tu palipo na nyama, na katikati nyekundu ilikuwa imesimama bila wasiwasi, mahali palepale ambapo daktari wa hadubini alikuwa amechora duara lake.

Wenye mashine walijibu kwa mstari mmoja: ibaki.

Na mkataba? Daktari Kabatesi aliusaini tarehe thelathini saa tatu asubuhi, mwaka mmoja zaidi, mshahara uleule.

"Ningesaini hata kwa hamsini na sita," anasema daktari, bila haya. "Nilitaka kuona atafanya nini."

Mama Régis, aliyekuwa anapita na sinia la vioo, alisimama. "Angeniambia mapema, ningeokoa pesa ya moto," alisema, akaendelea na safari yake.

Sasa vipande vimefika mia mbili na themanini na tatu. Vimebaki mia moja na kumi na saba. Ukutani juu ya mashine ya kukatia, Mama Régis amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono, kwa Kinyarwanda na Kifaransa, kwa yeyote atakayemrithi kiti: chochote unachogusisha kioo, kiandike, hata kama unafanya hivyo tangu ujana wako. Mwakani anatarajia kufundisha wasichana wawili waliomaliza shule, Gwiza na Belise, ambao wameanza kuja siku za Jumatano kutazama. Kwa sasa wanafundishwa kubana pumzi.

Kuhusu mashine, hasemi makubwa. Sano ndiye anayeota akili ya kompyuta na majarida ya sayansi. Mama Régis anajua utafiti unaweza kwisha na kuonyesha kwamba mashine haitoshi, na amekwisha kuona mitambo mizuri mingi ikifunikwa shuka ikasahaulika. Anachokitaka ni kidogo, na anakisema huku akilichukua tena donge lile la yule mwanamke wa miaka arobaini na minne, aliyeambiwa arudi baada ya wiki sita.

"Siku ile bataruhusu mashine itoe jibu, kipande ya kwanza nitakata mi mwenyewe," anasema. "Hata kama nimestaafu, baniite. Na huyo mama mwenye nyama akiaga anataka kurudi kwake, nitatoka mpaka inje kwenye benchi, nimushike mukono. Nitamuambia: mama, usiende nyumbani. Kaa hapa, jibu yako inakuja."